Kiongozi na Nyumba ya Tianxiu

Kitu cha kwanza mgeni alichokiona kwake ni tai. Guangzhou wakati wa joto nguo inakugandia mwilini kabla hujamaliza kufunga vifungo, lakini yeye alisimama mlangoni mwa hoteli za mtaa wa Xiaobei na tai yake ya buluu, shati limenyooka, viatu vinang'aa, akipokea wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja kana kwamba ametumwa na serikali. "Karibuni Guangzhou, jamani. Poleni na safari. Nani ana mzigo mzito?" Kabla hawajajibu alikuwa ameshaubeba. Wageni walitazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wamepata mtu wa maana. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama vidole vya miguu yangu, kwa sababu nilijua lile shati limenyooshwa vipi. Lilikunjwa likawekwa chini ya godoro nililolalia mimi na mkewe, tukalipiga pasi kwa migongo yetu usiku kucha.

Kila mtu alimwita Kiongozi. Mkewe ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo uso kwa uso nilimwita shemeji, lakini nikimkumbuka leo jina linalonijia ni hilo la kazi. Tulikuwa watatu, yeye, dada na mimi, miaka ile ya mwisho ya tisini, tukiwatembeza wageni kwenye masoko na viwanda. Mimi nilikwenda kununua nguo nije kuuza nyumbani, nikaona wateja wanawake wanataka mwanamke mwenzao wa kuwapeleka, nikabaki. Mwanamume hawezi kusimama na mama wa watu kwenye duka la sidiria kule soko la Shahe akamtafsiria saizi. Hiyo ikawa kazi yangu.

Tuliishi ndani ya gari. Naandika sentensi hii na bado naona haya, ingawa sijui namwonea haya nani. Lilikuwa basi dogo kuukuu la rangi ya maziwa, zamani lilibeba wafanyakazi wa kiwanda. Mchana lilikuwa gari la wageni, viti vyote mahali pake, vitambaa vyeupe vimevishwa juu ya viti. Jioni, wageni wakisharudi hotelini, tulikunja viti vya nyuma tukashusha godoro. Asubuhi godoro liliviringishwa, likafungwa nailoni na kamba, likapandishwa kwenye keria, na juu yake Kiongozi alikuwa ameandika alama ya mzigo kwa wino mweusi, ionekane ni mali ya mteja inayosubiri kontena. Nguo zetu zilikaa kwenye maboksi yenye alama hiyohiyo. Jiko la gesi lilijificha chini ya kiti cha mwisho. Mgeni mmoja wa Kariakoo aliwahi kumwuliza, "Kiongozi, huyu mwenye mzigo hapo juu mbona haji kuuchukua? Kila nikija naukuta." Kiongozi akajibu bila kupepesa jicho, "Huyo ana matatizo na watu wa bandari." Mgeni akamsikitikia mwenye mzigo, akamwombea kwa Mungu. Mimi nikageukia dirishani.

Tulihamahama. Wiki hii nyuma ya karakana ya matairi, wiki ijayo kwenye maegesho ya malori njia ya Shiling, kule kwenye mji wa mikoba, popote ambapo mlinzi angekubali pakiti ya sigara. Kwenye karatasi za polisi Kiongozi alikuwa anaishi hotelini, hoteli ambayo kweli alilala, siku ile alipofika. Mimi na dada tulilala nyuma, kanga imetundikwa katikati, naye akalala mbele kwenye kiti cha dereva, miguu juu ya usukani. Ndivyo alivyonitunzia heshima yangu. Dada alimsihi wapeane zamu ya godoro, akasema mgongo wake umeshazoea. Haukuzoea. Asubuhi alishuka amejipinda, akashika kioo cha pembeni, akajinyoosha kidogo kidogo mpaka akawa mrefu tena, ndipo akafunga tai.

Akishika usukani na wageni wake nyuma alikuwa mtu mwingine kabisa. Kichina alikuwa amekijua ujanani, alipopelekwa kaskazini mwa China kusomea ufundi wa reli, kwa hiyo alizungumza kile cha redioni, cha heshima. Wauzaji wa Guangzhou, ambao majumbani mwao wana lugha yao nyingine, walimshangaa, na baadhi walimcheka waziwazi. Hakujali. Kila mwenye duka alimwita *laoban*, bosi, hata kama bosi mwenyewe ni msichana anayekula tambi amekaa juu ya marobota. Njiani aliwahubiria wageni: kushoto kwenu huu mto, kulia ule mnara wa msikiti wa kale, hapa watu wa dini yetu walikuja kufanya biashara zamani za kale. Wageni hawakusikia. Walikuwa wanapiga hesabu za viatu. "Nyinyi hamkuja China," aliwaambia. "Mmekuja dukani. China iko nje ya dirisha, na mnaipita bure." Wakacheka, wakarudi kwenye viatu. Lakini kila mara alirudia, na kila mara alitumaini mmoja atainua kichwa.

Neno lake jingine lilikuwa "fungua boksi la chini". Hakuna mteja wake aliyelipia mzigo kwa kutazama boksi la juu. Alivua koti, akapanda juu ya rundo, akachomoa boksi la chini kabisa huku laoban anapiga kelele *mei you, mei you*, hakuna kitu, hakuna kitu, akalifungua mbele ya wote. Akikuta mshono umepinda, alikasirika kama vile umepinda kwenye nguo yake ya Idi. Watembezaji wengine walikula pande zote mbili, kwa mteja na kwa muuzaji. Yeye alikataa. Laoban mmoja wa Shiling alimtia kitu mfukoni mwa koti. Kiongozi akakitoa, akakiweka mezani wageni wakiona, akasema kwa Kichina chake cha redioni kwamba hicho apunguziwe mteja. Sifa zake zilitoka hapo, zikafika mpaka Lubumbashi. Na lile gari lilitoka hapohapo vilevile, maana kwa ujira wa uaminifu peke yake mtu hapangi nyumba Guangzhou.

Ndiyo maana sikumwelewa. Mtu ambaye hakuvumilia uongo wa sindano na uzi alidanganya kuhusu chakula cha jioni. Aliwapeleka wageni kwenye mkahawa wa Waislamu wa kaskazini, wanapovuta tambi kwa mikono, akawaagizia nyama ya kondoo, akakaa nao akiwachekesha, asiguse kitu. "Kuleni, jamani. Mimi nimekula nyumbani." Dada aliinamia kikombe chake cha chai. Nyumbani kulikuwa na wali wa jana, kwenye sufuria, chini ya kiti.

Na kuoga. Hili ningependa kuliruka, lakini nikiliruka nitakuwa nimesimulia boksi la juu tu. Tulioga kwa wageni wetu. Asubuhi nilipokwenda kuwaamsha akina mama nilikuwa na kanga na sabuni ndani ya mkoba, nikaomba choo, nikafungulia bomba polepole lisisikike. Siku moja nilitoka nywele zinanichuruzika chini ya mtandio, nikakutana na mama mmoja wa Magomeni amekaa kitandani ananisubiri.

"Mwenzangu," akasema, "kwenu maji yamekatika?"

"Yamekatika tangu jana, mama."

"Na juzi je?"

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Aliniambia nichukue na taulo, kavu hilo hapo. Alikuwa na moyo mzuri. Ningeona nafuu angenitukana.

Lakini lililokuwa zito kuliko yote ni kwamba Kiongozi hakuwahi kumkaribisha mtu nyumbani. Kwa watu wa pwani hilo ni jambo la ajabu. Mtu unamtembeza wiki nzima ugenini, mnasali pamoja, anakulilia shida zake, halafu humwambii hata siku moja "karibu kwangu unywe maji"? Kadi yake ya biashara ilisema anakaa Tianxiu, lile jengo refu la Xiaobei lenye ofisi za Waafrika wenzetu, na namba ya chumba ikiwemo. Namba ilikuwa ya Mkongo mmoja wa Lubumbashi, wakala wa mizigo, tuliyemwita Papa, aliyemruhusu kupokea vifurushi vyake pale. Na vifurushi vilikuja, maana nyumbani kulikuwa na binti.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, aliyebaki Dar es Salaam kwa bibi yake. Kila msafiri alibebeshwa kitu: papa mkavu, ubuyu, kanga ya mama. Naye Kiongozi alimpigia simu ya kadi kila wiki kwenye kibanda cha barabarani, dada na mimi tumejibana pembeni tusikie. "Baba, nyumba yenu inaona mto?" binti aliuliza. "Ukisimama vizuri," akamjibu. Alipoweka simu chini hakututazama.

Alikuwa na nia moja, na alituambia mara nyingi kiasi kwamba tuliijua kwa moyo. Binti akishaolewa, atauza gari, atarudi, atamkalisha chini amwambie kila kitu. "Sasa hivi sisemi," alisema. "Watu wakijua baba yake analala garini, nani atakuja kuposa? Akiwa kwa mumewe aibu yangu haitamfikia. Hapo nitarudi hata kwa ndala." Dada alihesabu siku kwa ajili ya maneno hayo. Alitaka nyumba yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo na jiko asilolificha. Hakutaka kingine duniani.

Basi posa ikaja, na ikaja yenyewe, kwa miguu yake. Baba mkubwa wa kijana aliyemtaka binti alikuwa mfanyabiashara wa miswala Kariakoo, mzee wa taratibu, sauti ya chini, na safari hii alikuja Guangzhou kutafuta ile miswala mipya yenye dira ndogo iliyoshonewa pembeni. Tulimtembeza siku kadhaa tukimwita Baba Mkubwa, kama kijana anavyomwita. Siku moja kwenye ukumbi wa hoteli alimshika Kiongozi mkono.

"Kaka, mimi sikuja kununua tu. Nimeagizwa na wakubwa zangu. Nina posa hapa."

Kiongozi alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. "Alhamdulillahi! Basi tukae hapahapa, kuna chumba cha faragha, chai nzuri..."

"Hapana, kaka. Posa haipokelewi hotelini. Nifike kwako, ninywe maji yako, nikabidhi. Nikirudi niseme nimefika."

Shemeji yangu akanyoosha tai yake. "Ni haki yako," akasema. "Kesho alasiri."

Tuliporudi garini dada hakuvua hata viatu. "Kesho wapi?"

"Sijui."

"Mwambie ukweli, mume wangu. Ni mtu mzima, ataelewa."

"Nimwambie posa aiweke wapi? Kwenye dashibodi?"

Dada alipangusa sehemu ya kiti ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akasema, "Nenda kwa Papa."

Papa hakutuuliza maswali, na hilo nalo lilituaibisha. "Haina problème, muzee," alisema. "Mutaikala paka magaribi, kisha munanirudishia clé. Ile picha ya Mama Maria munaweza kuitosha, lakini muiweke muzuri, ni ya mama yangu." Tukapokea ufunguo, tukahamishia katoni zake kwenye chumba kimoja tukafunga mlango. Kiongozi aliishusha picha kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kanga safi, akaiweka juu ya kabati. Ukutani pakabaki msumari na alama nyeupe ya mraba. Dada alipika biriani kwenye jiko la watu, akifungua kila droo kutafuta kijiko. Nilimwambia akariri kijiko kiko wapi, asije akaonekana mgeni. Akaniambia ninyamaze.

Mambo yalikwenda vizuri, nikiri hivyo. Baba Mkubwa alikula, akasifu, akauliza habari za mvua. Bahasha ya posa ilikuwa inachungulia mfukoni mwa kanzu yake, na kikapu cha halua kilikuwa miguuni pake. Kiongozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Papa, mabega yamelegea, na kwa mara ya kwanza niliona angekuwa mtu gani kama angekuwa na kiti chake. Kisha mzee akanawa, akasema kwa upole, "Alasiri isitupite. Kibla chenu humu ndani kiko upande gani?"

Ni swali ambalo mwenye nyumba hulijibu bila kufikiri. Garini tulikuwa na dira imebandikwa kwenye dashibodi, hatukuwahi kujiuliza. Humu hatukuwa nayo, na nje mawingu yalikuwa yamefunika jua. Kiongozi akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Wakati uleule dada, aliyekuwa anatoka jikoni na sinia, akaonesha mlangoni kwa kidevu.

Mkono na kidevu vikabaki hivyo. Hakuna aliyeweza kuvirudisha.

Baba Mkubwa alitazama dirishani, akatazama mlangoni. Alifungua mfuko wake wa sampuli, akatoa mswala mmoja, akautandika sakafuni, akainamia ile dira iliyoshonwa pembeni. Akauzungusha taratibu. Mshale haukukubaliana na mume wala mke. Ulielekea ule ukuta wenye msumari na alama nyeupe. Akautazama ukuta kwa muda, kisha akasema, "Haya, kaka, simama nyuma yangu," akakimu sala. Kiongozi alisali nyuma yake. Mimi nilisimama jikoni na dada, tumeshikana mikono kama watoto waliovunja sahani.

Baada ya salamu mzee aliaga. Aliishukuru nyumba, akaiombea baraka. Kuhusu posa alisema, "Nitaileta kesho inshallah. Leo sikuja nayo." Bahasha ilikuwa palepale mfukoni, sote tukiiona. Akachukua na kikapu chake cha halua.

Asubuhi yake gari lilikuwa nyuma ya ule mkahawa wa tambi. Tulikuwa tumeamka, hatujafunga godoro, dada amebandika chai na mvuke umeshika vioo vyote. Tukasikia hatua, halafu sauti ya chini iliyo karibu sana.

"Hodi. Hodi hapa, wenyewe."

Baadaye nilijua hakuhitaji hata kutafuta. Alimwuliza mwenye mkahawa kwa ishara ya mtu anayefunga tai, naye akamleta mpaka kwenye kona. Mtaa mzima ulijua Waafrika wanalala kwenye basi lile. Waliokuwa hawajui walikuwa wageni wetu tu, na sisi ndio tuliokuwa tunapanda kila asubuhi juu ya keria kuwafichia.

Dada alimtazama mumewe. "Mwitikie," alinong'ona. Kiongozi alikuwa kwenye kiti cha dereva, na singlendi, hana tai. Akatikisa kichwa.

"Hodi."

Harufu ya chai ya tangawizi ilikuwa inatoka dirishani. Mtu yeyote wa kwetu angeinusa akajua wenyewe wamo. "Mwitikie, kwa ajili ya mwanao," dada alisema, machozi yanamtoka. Niliona midomo ya Kiongozi ikifunguka. Neno halikutoka. Mimi ningeweza kuitikia, na dada pia angeweza, lakini nyumba hujibiwa na mwenyewe akiwepo, nasi tulikaa tukimsubiri yeye.

Hodi ya tatu ilikuwa ya chini kuliko mbili za kwanza, kama ya mtu anayeaga. Mtu akishabisha mara tatu asijibiwe, adabu ni kuondoka. Akaondoka. Nilipofungua mlango nilikuta kikapu cha halua kwenye ngazi ya gari, na bahasha juu yake, imefunikwa na kitambaa safi isishike umande. Posa ilikuwa imefika kwa baba wa binti, mlangoni kwake, kama ilivyotakiwa. Kiongozi aliipokea kwangu akaishika mapajani. "Chai imechemka," akamwambia mkewe.

Siku hiyohiyo nilitumwa mimi kumsindikiza mzee stesheni, kwa treni ya Hong Kong. Kiongozi alisema ana homa. Njia nzima Baba Mkubwa alizungumzia miswala. Tulipofika aliniuliza tu, "Walikiona kikapu?" Nikasema walikiona. "Basi vizuri," akasema. "Jibu watatuma kwa simu." Nilitaka kumshika miguu, nikashindwa, kwa sababu ningemlazimisha akubali kwamba anajua.

Jibu likatumwa, ndoa ikapangwa. Nauli ilitosha wawili, na Kiongozi alisema waende wanawake. Kwa simu alimpa kaka yake uwakala wa kumwozesha binti. Siku ya kuagana alirudia nia yake: harusi ikipita atafute mnunuzi wa gari. Tayari alikuwa ameshaanza kuuliza bei.

Harusini, baada ya chakula, Baba Mkubwa aliingia upande wa wanawake kumsalimu mama wa bibi harusi. Dada alimwinamia, hakuthubutu kuinua macho. Ndipo yule mzee akageukia watu wazima waliojaa pale, akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Mnamwona huyu amekaa kimya. Mimi nimekula kwake, China. Ghorofani, vyumba vitatu, upepo unaingia huku unatokea huku. Na mwenzake ni mtu wa watu. Binti yetu katoka nyumba yenye heshima, mjue."

Vigelegele vikapigwa. Nikaelewa anafanya nini. Kulikuwa na mashangazi wa kijana pale waliokuwa wameshaanza kuulizana baba wa binti yuko wapi na kwa nini hakuja. Mzee aliwafunga midomo yote kwa mara moja. Wakamzunguka dada. Huko jiko la nini? Majirani Wachina? Na mapazia yakoje, mwenzetu?

"Ya kijani," dada alisema.

Bibi harusi alisikia. Alikuwa amekaa na hina yake mbichi, anatabasamu, na aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, haikuwa na lawama. "Mama, vyumba vitatu, na hamjaniita hata mara moja?"

Dada aliushika mkono wake, akaugeuza huku na huku kama anaikagua hina. Hakumjibu mpaka leo, kwa ninavyojua.

Nilipofunga begi kurudi, dada hakufunga lake. "Sirudi kwenye lile gari," aliniambia. "Sitaweza kulala mle nikilisikia lile swali."

"Basi mwambie binti yako kweli, yaishe."

"Nimwambie nini? Kwamba Baba Mkubwa wa mumewe amesimama mbele ya watu akasema uongo? Aanze ndoa kwa hilo?" Alikuwa anakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Wanapita hapa kila siku wananiuliza narudi lini nyumbani kwangu."

Kwa hiyo nilirudi peke yangu. Nilimkuta Kiongozi Shiling, gari limeegeshwa ubavuni mwa kiwanda cha mikoba, wageni wako ndani wanachagua. Alikuwa amekonda, lakini tai ilikuwepo. Alinipokea begi, akatazama nyuma yangu kama mtu mwingine atashuka. Kisha akaniambia amepata mnunuzi wa gari, dereva wa Huadu, wanasubiriana tu.

Nikamweleza. Nilianza na chakula, watu walivyojaa, mtoto alivyopendeza, nikizungukazunguka. Mwishowe nikafika kwa Baba Mkubwa. Alisikiliza ameegemea mlango wa gari.

"Alisema vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Amekusitiri, shemeji."

"Amenisitiri," akakubali. Alikwangua rangi ya mlango kwa ukucha. "Mtu mwenye vyumba vitatu China harudi na ndala. Watauliza nyumba imekwenda wapi. Nikisema kweli, namvua nguo mzee aliyenivika. Amenisitiri mpaka sina pa kutokea."

Ndani ya kiwanda wateja walikuwa wanamwita, Kiongozi, Kiongozi, njoo utuulizie hii. Akajifuta uso kwa leso, akakaza tai, akapiga hatua mbili kuelekea kwao. Halafu akarudi.

"Na dada yako alisema mapazia ni ya rangi gani?"

"Ya kijani."

"Ya kijani," akarudia polepole. "Binti akiniuliza kwenye simu, nisije nikakosea."